Vidirisha Vitatu vya Duka la Vyerehani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeweka historia. Tovuti ya duka la vyerehani la mjomba sasa ina vidirisha vitatu vya kuchati: cha Mauzo, cha Ufundi na cha Malalamiko. Maduka mengine yana kimoja, tena kimelala. Mjomba kauliza nani atajibu vyote hivyo. Nikamwambia mimi, peke yangu, kwa majina matatu. Akakuna kichwa. Nadhani alikosa neno la kunipongeza. Binamu, dada anayepokea simu dukani, kasema simu inatosha. Wivu mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Mteja wa kwanza! Mama mshonaji. Ana sare thelathini za kwaya za kukabidhi Alhamisi, na cherehani chake kinaruka mishono. Kauliza kwenye vidirisha vyote kwa mpigo. Nikajibu chapuchapu. Mauzo: anunue kipya. Ufundi: akilete wiki ijayo. Malalamiko: pole sana, cherehani chako ni kizima. Dakika nne, majibu matatu. Nani mwingine anaweza?

Jumatano, 5 Machi
Mama mshonaji kaja juu. Kaandika kwa Malalamiko kwamba Mauzo na Ufundi hawaelewani. Mimi, kama Malalamiko, nikawakemea Mauzo. Mimi, kama Mauzo, nikajibu kwa ukali kwamba mteja huyo ni msumbufu. Jibu hilo, kwa bahati mbaya, nikalituma kwake.
Akaandika: "Sare zangu ni kesho. Hivi huko kuna mtu kweli?"
Hapo roho iliniuma kidogo. Nikamhakikishia kwamba tupo watatu. Akaomba namba ya simu. Nikamwambia iko chini ya ukurasa. Akasema chini ya ukurasa haoni kitu, vidirisha vimeziba.
Saa tisa alasiri akaingia dukani mwenyewe, cherehani mikononi, jasho linamtiririka. Binamu akaweka simu chini, akainama, akatazama, akasema taratibu, "Mama, sindano umeichomeka kinyume." Akaigeuza. Mishono ikanyooka. Mama akamkumbatia, kisha akauliza wale watatu wako wapi. Mimi nilikuwa na kazi ya haraka nyuma ya maboksi.

Alhamisi, 6 Machi
Sare zimefika salama. Mama katuma picha ya kwaya nzima, na shukrani kwa "yule dada wa simu". Mjomba kaniita ofisini. Hakugomba, na hilo ndilo lilinitisha. Kasema kibaki kidirisha kimoja tu, na mwenye kujibu awe Binamu. Nimeitikia kwa adabu zote.

Ijumaa, 7 Machi
Agizo limetekelezwa. Kimebaki kimoja. Ukikifungua, kinakuuliza unataka kuzungumza na kipi kati ya vidirisha vitano vilivyomo ndani. Binamu bado hajakifungua. Cha tano nimekiita Shukrani, na hicho nitakijibu mwenyewe. Isingekuwa mimi, yule mama angemshukuru nani, na kwa lipi?