Vita vya Shingo ya Bata wa Taulo

Njooni mketi, ninyi mlio karibu na ninyi mlio mbali kidogo. Aliye na mtoto ampakate, aliye na chungu jikoni apunguze moto, maana habari hii kuu haisikilizwi na mtu aliyesimama mlangoni na funguo mkononi. Kwanza nawategea. Ana shingo hana koo, ana mabawa haruki, hulala kitandani mwa watu wala hajawahi kusinzia. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni ule mji uliokuwa ukiishi kwa wageni, ule ambao wakati wa gonjwa hakuna aliyeutaka hata kwa kupewa bure. Nimeuchukua. Sasa tuingie ndani yake tulitafute jibu.

Mji huo, enyi wasikilizaji, tangu enzi na enzi ulikuwa ukiamshwa na magurudumu ya masanduku yakikwaruza mawe ya barabara, na ukilazwa na watu wasiojuana wakipigana picha mbele ya ukuta uleule. Mchongaji alichonga kwa ajili ya wageni, mpishi alipunguza pilipili kwa ajili ya wageni, hata mbwa wa sokoni walijua kukaa vizuri wakiona kamera. Ndipo likaja gonjwa, lile lililoizunguka dunia bila begi wala hati ya kusafiria, likafunga viwanja vya ndege kama mtu anavyofunga madirisha akiona wingu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule watu wakaugeuza msemo wakasema mgeni usije, mwenyeji apone. Na mgeni kweli hakuja, ila mwenyeji aliyepona gonjwa alikutana na njaa ikimngoja jikoni.

Mkahawa ukawa kibanda cha mkaa. Duka la kofia za jua likauza vitunguu, na kofia zenyewe zikawa vipimo vya vitunguu. Na katika nyumba ya wageni yenye madirisha ya bluu, Bi Mkubwa, mwenye nyumba, mjane mwenye sauti ya kengele, aliwakusanya watumishi wake uani siku ya kufunga, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuwaagia, akawagawia mataulo.

"Nendeni nayo," alisema. "Wageni wakirudi, nayo yarudi."

Miongoni mwao alikuwako Shangazi, mtandika vitanda, ambaye damu yake haikuhusiana na ya mtu yeyote mtaani ila alikuwa shangazi wa wote: Mnyoosha Shuka, Adui wa Mikunjo, Mama wa Bata. Maana ni yeye peke yake aliyejua kulikunja taulo jeupe likageuka bata mwenye shingo ndefu, akamketisha katikati ya kitanda amsubiri mgeni. Jibu lenu ndilo hilo. Lakini kujibu ni rahisi, kukunja ndiyo kazi. Na mikono iliyokaa muda mrefu ikichambua mboga tu, husahau.

Basi asubuhi moja, nchi zilipokuwa zimeanza kufungua milango nusunusu, Bi Mkubwa alifika kwa Shangazi akihema, amevaa viatu visivyolingana.

"Shangazi, mama wa kofia pana anakuja. Leo alasiri."

"Yule aliyekuwa akija kila mwaka na mumewe?"

"Huyohuyo. Safari hii yuko peke yake. Mume kachukuliwa na gonjwa. Kaniuliza jambo moja tu kwenye simu. Hakuuliza umeme, hakuuliza maji ya moto. Kasema, yule bata bado yupo?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia yupo, kaketi, anamsubiri."

"Ulimwambia uongo mzuri."

"Sasa ufanye uwe kweli. Yule tajiri mwenye saruji karudi tena, anaitaka nyumba iwe ghala lake. Nimemwambia jibu atalipata leo jioni. Mama huyu akikaa akafurahi, atawaita wenzake, nami nafungua. Akilala siku moja akaondoka na huzuni yake, basi, Shangazi, mimi na wewe tutafute pengine pa kuzeekea."

Hapo Shangazi akajua kwamba nyumba nzima, na madirisha yake ya bluu, na miaka yake yote ya kunyoosha shuka, vimetundikwa kwenye shingo ya bata.

Taulo lake mwenyewe lilikwisha kukatwa nepi za mtoto wa jirani. La mpishi lilikuwa limeungua kwa kushikia sufuria. Taulo zima, jeupe, la heshima, lilibaki moja tu katika mji wote, nalo lilikuwa mikononi mwa Kiongozi. Shangazi akajifunga kilemba, akavaa barakoa aliyoishona kwa pazia kuukuu la bluu, akatia nyingine ya akiba mfukoni, kama askari achukuavyo mkuki wa pili, akatoka.

Kiongozi huyo zamani aliwatembeza watalii wa nyumba ile kwenye magofu, na magofu yalipokosa wa kuyatazama akafungua kibanda cha kunyoa. Mashine alijifunza kuishika, lakini mdomo haukubadili kazi. Shangazi alimkuta akizunguka kiti na kutangaza, "Na upande huu wa kushoto ni kisogo, ambacho kimesimama imara tangu zamani, ingawa mvua zimekipitia." Kwenye kiti aliketi muuza vinyago, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina msitu, na mabegani mwake, jamani, limetandazwa taulo.

"Amani iwe juu ya kibanda hiki," Shangazi alinena kizingitini, kama mtu aliyeacha jeshi lake nyuma ya kona. "Nimekuja kuchukua taulo."

"Lipi?" Kiongozi aliuliza.

"Hilo."

Muuza vinyago akalishika kwa mikono miwili. "Shangazi, mimi bado nimo ndani."

"Toka."

Kiongozi akainua mashine yake juu, nayo ikanguruma. "Ewe Shangazi, taulo hili limefunika mabega ya wakubwa na wadogo katika siku za dhiki. Mimi bila taulo si kinyozi tena. Nakuwa mtu tu mwenye mashine anayewasogelea watu."

"Na bila wageni wewe si kiongozi, ni mtu tu anayeongea na mawe. Mwanangu, hebu niambie kweli. Kichwa hiki unachokisimulia, kina historia gani?"

Kiongozi akakitazama kichwa kwa muda. "Hakina," alikiri.

"Jamani, nawasikia," alisema muuza vinyago.

"Leo anakuja mgeni," Shangazi akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Yule mama wa kofia pana. Anamtaka bata wake. Akicheka, wenzake watamfuata, na magofu yako yatapata masikio, na huyu bwana atauza vinyago vyake vilivyoliwa na mchwa. Akinuna, utanyoa mpaka uzeeke, na mji huu hauna vichwa vingi kiasi hicho."

Mashine ikanyamaza. Kiongozi akaling'oa taulo kwa mkupuo mmoja, akalikung'uta barabarani, akalikabidhi kwa mikono miwili kama mtu akabidhiye bendera.

"Na upande wangu wa pili?" muuza vinyago aliuliza.

"Vumilia," Shangazi alimwambia akiwa ameshaondoka. "Mvumilivu hula mbivu."

Akalifua. Akaliwamba juani, akalilinda dhidi ya kuku na vumbi na watoto wenye mikono ya maembe. Akalipiga pasi mpaka mvuke ukapanda. Kisha akaingia chumba cha mbele, akafunga mlango, na vita vikaanza.

Akalitandaza kitandani. Akaviringisha pande zote mbili zikutane katikati, na mikono ikakumbuka. Akakunja mkia, mikono ikakumbuka. Akapandisha shingo, akaipinda kichwani, akaachia taratibu. Shingo ikasimama, ikatazama dirisha, ikafikiri kidogo, ikalala.

Maana taulo lile, lililokuwa nene kama zulia, lilikuwa limesuguana na nywele za mji mzima mpaka likalainika kama sikio la sungura. Akalikunja upya, akaomba, akaachia. Likalala. Akachomeka mpini wa ufagio mdogo ndani ya shingo. Bata akasimama wima, lakini alifanana na kiumbe aliyemeza nguzo na anajuta. Akauchomoa. Akamwegemeza kwenye mto, na Bi Mkubwa akachungulia mlangoni.

"Shangazi, huyo bata vipi? Kakata tamaa?"

"Hajakata tamaa, Bi Mkubwa. Anasali."

"Amalize haraka. Gari limefika."

Na kweli, nje yalisikika magurudumu ya sanduku juu ya mawe, sauti ambayo mtaa ulikuwa umeisahau, na watu wakatoka milangoni kuisikiliza kama wimbo. Kiongozi alikuwa amelinyakua sanduku la mgeni na tayari alikuwa anasimulia historia ya geti. Nyuma yake alikuja muuza vinyago na nusu kichwa chake, kufuatilia mwisho wa taulo. Bi Mkubwa akaenda kumlenga mgeni kwenye paji la uso kwa kile kipima joto kinachoshikwa kama bastola.

Shangazi akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa. Akamtazama bata, kidevu kifuani. "Bata wangu," akamwambia polepole, "mimi nawe tumewapokea wengi. Yule bwana wa mama wa kofia pana alikuwa akikuvisha miwani yake, unakumbuka, na kila asubuhi akikuamkia. Leo unaniaibisha mbele ya mjane?"

Na alipotamka habari ya kuvishwa, mkono wake wenyewe, bila kutumwa, ukaingia mfukoni ukakutana na mkuki wa pili. Ile barakoa ya akiba. Akamvisha bata mdomoni. Kamba zake ndefu akazivuta nyuma, akazikaza, akazifunga chini ya mabawa kwa fundo la mtu anayefunga mzigo wa safari. Akaachia.

Shingo ikasimama.

Akakitikisa kitanda kwa goti. Ikasimama. Gonjwa lililoangusha nyumba, maduka na mikahawa, siku ile likatumwa kazi ya kushikilia shingo ya bata, nalo likashika.

Mlango ukafunguka. Mama wa kofia pana akaingia hatua mbili akakwama. Nyuma yake walijaa Bi Mkubwa, Kiongozi na nusu kichwa, wote wamezuia pumzi ndani ya barakoa zao. Mgeni alimtazama bata. Bata, wa bluu mdomoni, alimtazama mgeni. Kisha mabega ya yule mama yakaanza kutetemeka, na hakuna aliyejua ni kilio au ni kicheko, mpaka alipojishikilia mlangoni, na ikajulikana ni vyote viwili, ila kicheko ndicho kilichotangulia.

"Naye limempata?" aliuliza.

"Limempata, mama," Shangazi alijibu kwa uso mkavu. "Lakini anaendelea vizuri."

"Ana joto?"

Bi Mkubwa akasogea, akamlenga bata kwenye paji la uso, akasoma. "Hana."

Mama yule akafungua mkoba wake, akatoa miwani ya kiume yenye mguu uliofungwa uzi, akamwekea bata juu ya barakoa. Akairekebisha ikae sawa. "Alikuwa akimdai mume wangu salamu," alisema. Akavua kofia, akaitundika nyuma ya mlango, palepale alipokuwa akiitundika kila mwaka. "Basi nitakaa mpaka apone."

Jioni simu ya mwenye saruji ilipolia, Bi Mkubwa aliipokea akiwa kasimama kidete katikati ya ua. "Hapana, ndugu yangu," alisema. "Chumba hakipo. Kuna bata mgonjwa ndani, na daktari wake kasema asihamishwe."

Kiongozi naye alidai taulo lake lirudi, kwa hotuba ndefu yenye mifano. Mgeni akakataa katakata bata akunjuliwe, kwa kuwa mgonjwa hasumbuliwi, na akioga alijifutia shali yake mwenyewe. Muuza vinyago alimaliziwa upande wa pili akiwa amefunikwa gunia la vitunguu, baada ya kumuuzia mgeni kinyago kimoja chenye mchwa, ambacho mgeni alikisifu kwa uzee wake.

Ndivyo lilivyoshindwa gonjwa katika chumba cha mbele, na kwa mkono wa nani mmesikia. Wafalme wameteka miji na wasiulizwe habari zao. Shangazi alisimamisha shingo, na mpaka leo madirisha yale ni ya bluu. Mji wenu huo, nawarudishia. Umetumika kidogo, lakini una wageni ndani.