Yah: Kondoo Wanne, Mjukuu Asiyekula Nyama, na Mwanafunzi Wenu Hetvi

Jalal-Abad,
22 Juni.

Kwako Naibu Mkuu wa Kitivo, Msimamizi wa Wanafunzi wa Kigeni,
Chuo cha Udaktari.

Ndugu Naibu Mkuu,

Kwa heshima, na kwa imani kwamba barua za raia husomwa ofisini kwako kabla ya chai na si baada yake, naleta malalamiko dhidi ya mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili, Hetvi Doshi, raia wa India, ambaye amepanga chumba nyumbani kwangu tangu Septemba ya mwaka juzi.

Mimi ni Kubatali Mamyrkanov. Nimeliandikia gazeti la wilaya kwa miaka thelathini na moja. Nimeandika juu ya mafuriko, mavuno ya pamba na vikao vya baraza visivyo na idadi, na sijawahi kupandisha sauti katika maandishi. Sitaanza leo.

Tangazo mlilobandika mwezi uliopita linasema kuwa mwanafunzi wa kigeni akilalamikiwa kwa maandishi na mwenye nyumba wake, atahamishiwa bweni. Bweni lenu ni ghali mara tatu kuliko chumba changu. Baba yake Hetvi ni fundi cherehani katika mji wa Palanpur, naye alishamwambia binti yake kwamba siku akikosa chumba cha bei hii, arudi nyumbani na masomo yaishie hapo. Naliandika hili mapema kwa sababu ni kweli. Halipunguzi uzito wa yanayofuata.

Nilimwarifu kuwa nitaandika. Alikuwa jikoni anaosha dengu, hakugeuka.

"Andika tu, babu," alisema. "Ila usitie chumvi. Ulishakatazwa chumvi."

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Kipeperushi chenu, ambacho Hetvi alikuja nacho kimekunjwa ndani ya pasipoti, kinasema hivi: "Soma udaktari kwa gharama nafuu, ishi na wenyeji, upate visa vya kusimulia maisha yako yote." Hakuna mahali kinaposema kwamba visa hivyo vitawapata wenyeji.

Siku aliyofika nilinunua kondoo, kama inavyompasa mtu mwenye mgeni. Unajua utaratibu wetu. Kondoo huletwa mbele ya mgeni akiwa hai, mgeni hufungua viganja, huomba dua, watu huitikia amina na kupangusa nyuso, kisha kazi huanza. Jirani yangu Dooronbek, mchinjaji wa sokoni, alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati. Mgeni alikuwa anajua dua moja tu kwa lugha yetu. Mke wangu Zuurakan alikuwa amemwombea mlangoni mchana huo, naye akaikariri, kwa kuwa ni mwanafunzi mzuri. Akafungua viganja, akamtazama kondoo machoni, akasema waziwazi: "Uishi miaka mingi, uote mvi, uwaone vitukuu vyako."

Sote tuliitikia amina na kupangusa nyuso kabla hatujatambua tulichokiitikia.

"Sasa huyu nimkate wapi, kaka?" Dooronbek aliniuliza. "Ana dua kuliko mimi."

Zuurakan alisema neno limeshatoka na amina imeshafuata, kondoo arudi bandani. Mgeni alikaribishwa kwa sambusa za malenge. Ilikuwa kwenye sambusa ya tatu alipotueleza kuwa kwao hawali nyama, wala samaki, wala yai, wala kitunguu. Dooronbek alimuuliza kwa upole ugonjwa huo umemwanza lini.

2. Mwaka wake wa kwanza haujaisha, mlimpa kipimo cha presha aende nacho nyumbani akafanye mazoezi. Alifanyia mazoezi kwangu. Tarakimu alizozipata sitazitaja hapa, lakini Zuurakan aliziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya jiko, na tangu siku hiyo chumvi inakaa ndani ya sanduku lake la mahari, lenye kufuli. Nimeishi miaka sitini na moja bila kujua kuwa mimi ni mgonjwa, na nilikuwa na afya njema kabisa.

Habari zilitembea. Kila Jumamosi asubuhi wazee wa mtaa hukaa kwenye benchi langu, wamekunja mikono ya kanzu zao za pamba, wanasubiri kupimwa. Juzi nilihesabu kumi na tisa. Wanakunywa chai yangu na kuulizana tarakimu zao, na mwenye tarakimu kubwa anaheshimiwa. Watano kati yao wameambiwa waache mafuta ya mkia wa kondoo. Dooronbek alikuja akiwa amekasirika na aproni yake ya kazini bado kiunoni.

"Binti, una ugomvi gani na mimi? Mkia ndio unaonilipia karo za watoto."

"Sina ugomvi, baba mdogo," alisema Hetvi. "Kaa hapo, ninyooshee mkono."

Alikaa. Sasa anauza mkia wa kondoo na hauli, na wateja wameanza kumuuliza kwa nini.

3. Hili la tatu ndilo zito.

Mwanangu na mkewe wanafanya kazi ughaibuni, Yekaterinburg. Mtoto wao, Ersultan, analelewa na sisi, na ni mjukuu wetu wa pekee. Mei ya mwaka jana alipiga hatua zake za kwanza, nasi tukamfanyia sherehe ya kukata kamba, kama nilivyofanyiwa mimi na kama alivyofanyiwa baba yake. Mtoto alisimamishwa uwanjani, miguu imefungwa kwa uzi wa sufu nyeusi na nyeupe. Watu walisimama mbali, wakatimua mbio, na wa kwanza kumfikia akaukata uzi kwa kisu. Mtaa mzima unajua kwamba mtoto hufuata tabia ya aliyemkata kamba. Ndiyo maana watu hukimbia kwa nguvu, na ndiyo maana Dooronbek, mwenye miaka arobaini na kifua cha mwanamieleka, alivua viatu.

Hetvi alikimbia akiwa na kandambili. Aliambiwa ni mchezo. Alitangazwa mshindi, akaukata uzi, akabusu miguu ya mtoto, na akapewa zawadi ya mshindi, ambayo kwa bahati mbaya ni kondoo. Kondoo wa kwanza alikuwa jike. Huyu wa pili ni dume. Sasa wako wanne, na hakuna hata mmoja ambaye mtu anathubutu kumgusa, kwa sababu Zuurakan anashikilia kwamba dua ilitaja vitukuu, na vitukuu bado.

Mtoto naye amefuata. Alianza kwa kutema nyama kwenye kiganja cha bibi yake. Kisha akawa anampelekea mbwa. Mwezi uliopita, katika sikukuu, mbele ya wageni, mbele ya mwenyekiti wa baraza la wazee, sinia kubwa liliwekwa katikati na mvuke unapanda. Ersultan, ambaye sasa ana miaka miwili na mwezi, alisimama, akaegemea goti langu, akaitazama nyama kwa muda mrefu.

"Babu," akauliza, "huyu ni nani?"

Mwenyekiti alikiweka chini kipande alichokuwa amekishika. Chakula kile kilirudi jikoni kama kilivyokuja, na wageni wakala mkate na jamu. Naomba ofisi yako itambue kuwa katika wilaya hii jambo hilo halijawahi kutokea.

4. Julai iliyopita alifuatana na mke wangu hadi malisho ya juu, kupumzika. Akiwa huko, mke wa mchungaji mmoja alishikwa na uchungu, na daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Hetvi alipanda farasi wangu, akavuka mto, akampakia mkunga nyuma yake, akavuka tena. Mtoto alizaliwa salama. Ni wa kike na anaitwa Hetvi. Nimeliona jina hilo kwa macho yangu kwenye daftari la vizazi la wilaya, kati ya Gulzat na Jypar.

Sina tatizo na mtoto. Tatizo langu ni kwamba ng'ambo ya mto ule anakaa shemeji yangu, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikimweleza Zuurakan kuwa farasi yule hawezi kuvuka. Sasa naenda kwa shemeji kila mwezi.

5. Kwa sababu hizo, naomba Hetvi Doshi ahamishiwe bweni kabla ya muhula mpya.

Hata hivyo kuna jambo dogo la utekelezaji. Ersultan hulala kwa kutajiwa majina ya mifupa. Hetvi alikuwa akijisomea kwa sauti kando ya kitanda chake wakati wa mitihani, na mtoto akazoea. Huanzia fuvu, na kwa kawaida huwa amelala kabla ya kufika kifundo cha mkono. Nilijaribu mwenyewe, Hetvi alipokuwa kwenye mazoezi ya hospitali. Nilifika kwenye nyayo, naye akanisahihisha mara mbili. Kwa hiyo bweni litalazimika kumpokea na mtoto.

Mtoto hawezi kwenda bila bibi yake, hilo halina mjadala. Zuurakan naye hawezi kukaa mahali pasipo na tanuri la mkate, kwani mkate wa dukani anauita sifongo. Basi pawe na tanuri. Kondoo wanne watahitaji ua, na itafaa uwe na kivuli upande wa magharibi. Mimi napimwa presha kila asubuhi, na daktari wangu atakuwa bweni, kwa hiyo naomba kitanda, kisichohitaji kuwa karibu na dirisha. Wazee wa Jumamosi watahitaji benchi.

Ili kuwapunguzia kazi wahandisi wenu, nimechora ramani. Bweni litakuwa na vyumba vitatu, jiko, tanuri nje, banda, ua na mti wa tufaha. Zuurakan aliitazama akiwa amevaa miwani yangu.

"Mzee," alisema, "si ndiyo nyumba yetu hii?"

Nimeikagua tena. Kuna kufanana. Lakini katika ramani yangu banda liko mkono wa kushoto.

Nisingependa Chuo kiione barua hii kama uadui. Hetvi analipa kodi kwa wakati, hupangusa viatu mlangoni, na dengu zake, zikikaangiwa manjano na jira, zinalika hata na mtu aliyezoea nyama. Nasema zinalika. Zuurakan ndiye anayesema kwamba huwa naongeza mara mbili.

Pokea heshima zangu, na uzifikishe kwa Mkuu wa Kitivo, kwa mhadhiri wa mifupa ambaye kazi yake inafika mbali kuliko anavyodhani, kwa wapishi, kwa mlinzi wa lango la kaskazini aliyeniruhusu kuegesha, na kwa yeyote aliyeandika kile kipeperushi, ambaye ningependa siku moja tukae tuzungumze.

Wako katika ujenzi wa wilaya,

Kubatali Mamyrkanov
Mwandishi

Masahihisho:

Katika miaka thelathini na moja sijawahi kutoa habari yenye kosa bila kuchapisha masahihisho, na baada ya kuisoma barua hii upya nimegundua kuwa kifungu cha tatu kinayahitaji. Nimeandika kwamba Hetvi alitangazwa mshindi. Hiyo ni sahihi. Sikuandika aliyemtangaza.

Mwamuzi nilikuwa mimi. Dooronbek alifika wa kwanza, kwa hatua mbili nzima. Niliuinua mkono wa msichana.

"Kaka, mimi nimeona," Dooronbek aliniambia chini chini.

"Hata mimi nimeona," nikamjibu.

Alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akampa msichana kisu chake mwenyewe, kwa kuwa kilikuwa kikali kuliko kile cha sherehe. Hajamwambia mtu hadi leo, na mimi nakuambia wewe kwa kuwa ni lazima.

Sababu yangu ni fupi. Mwanangu alikwenda Yekaterinburg, na hupiga simu akikumbuka. Msichana huyu ametoka mbali zaidi, akiwa na sanduku moja na maneno arobaini ya lugha yetu, na kila Jumapili saa kumi hukaa kwenye ngazi yangu na kumweleza baba yake wiki nzima ilivyokwenda, pamoja na alichokula. Ersultan naye ataondoka siku moja, kama wanavyoondoka wote. Nilitaka afuate miguu hiyo. Nyama sikuifikiria, mtu hafikirii kila kitu katika muda wa hatua mbili.

Kwa hiyo lalamiko la tatu limhusu mwamuzi, na mwamuzi hasomi chuoni kwenu.

Aidha, tangazo lenu linasema malalamiko yatakayopokelewa baada ya tarehe ishirini ya mwezi huu hayatashughulikiwa. Tarehe ya barua hii ni sahihi. Niliisubiri.

K.M.