Siri ya Sabuni Yangu ya Maganda ya Ndizi

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kaniibia sabuni! Si mche mmoja. Sabuni yenyewe, ujuzi wangu wa miaka kumi na tisa. Miezi minane nimemweka jikoni kwangu akikoroga, leo kafungua kibanda mbele ya mlango wangu. Nimenunua mche, nimeunusa. Majivu ya maganda ya ndizi, matone saba ya mafuta ya karafuu. Hana hata haya ya kupunguza tone moja!

Kasahau binti yangu ni wakili. Mtaa mzima unajua, nimehakikisha.

Jumanne, 5 Machi

Binti kaja na mkoba wa ngozi. Nikamzungusha mtaani mara mbili ndipo tukakaa. Kasema sheria ina njia: barua ya kumtaka aache, akikaidi, mahakama imzuie, tena alipe fidia. Nikauliza kuhusu pingu. Hazimo. Sheria gani hii!

Kisha akauliza, "Mama, nani mwingine anaijua?"

Hakuna, nikasema. Akatoa simu, akanionyesha sherehe yake ya kuhitimu: mimi, gauni jipya, maikrofoni mkononi, nikiwaeleza wageni jinsi maganda ya ndizi yalivyomsomesha.

Nilipendeza mno.

Kasema siri usiyoilinda, mahakama haiiti siri. Nimeapa kufunga mdomo. Daftari la vipimo liko kabatini, ufunguo shingoni.

Jumatano, 6 Machi

Wifi kapata barua. Kapita akiniambia maganda ya ndizi hata mbuzi anayajua. Nikamjibu mbuzi hajui kama matone ni saba. Ilinitoka tu! Muuza mkaa alikuwepo, lakini alikuwa anacheka. Sidhani alisikia hesabu.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi kasalimu amri! Kaiogopa mahakama. Kasaini hati ya kuacha, karudisha alichonakili, sasa atauza mishumaa. Binti kasema tuna bahati hakutafuta wakili, na hati ile ina nguvu mradi siri ibaki siri. "Nyamaza, Mama. Nakuomba."

Nimenyamaza tangu saa nne mpaka saa saba.

Lakini ushindi wa mwanangu niufungie kabatini? Nimekodi spika mbili. Nimealika mtaa wote, muuza mkaa, hata wifi. Nitapika sufuria zima mbele yao, hatua kwa hatua, tone kwa tone, waone nini hasa kilitaka kuibwa. Binti sijamwambia, nataka ashtukie tu. Jumapili, saa nne asubuhi, uani kwangu. Waje wote.