Kitufe cha Sare ya Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Mungu ni mwema! Bi Badriya kanipa meza kwenye kona ya duka lake la khanga hapa Kariakoo, umeme bure. Nikiharibu, narudi kufanyia kazi kitandani Buguruni. Anataka tangazo tu: picha ya khanga ya sare ya harusi ya Lujain, binti wa kaka yake, na namba ya simu ili kina mama waagize. Tushar wa steshenari ya jirani kanishauri nitumie Canva, ile programu rahisi ya matangazo, nimalize kabla ya chai. Canva! Si kila mtu anaiweza? Mimi natumia Figma, ya watu wanaobuni app.

Jumanne, 4 Juni
Tayari. Namba ya simu nimeitoa, ushamba. Kuna kitufe cha "Agiza". Ukibonyeza, inakuja: "Asante, sare yako tumekuwekea." Tushar kauliza oda zinaingia wapi. Nikamwambia haziingii popote, huu ni mfano tu wa app. Kaniangalia sana. Wivu. Nimetuma kwenye magrupu yote ya harusi.

Alhamisi, 6 Juni
Kina mama wanabonyeza balaa! Bi Badriya analalamika hakuna aliyempigia. Anaona sare haijapendwa. Kwa unyonge kamuuzia mzigo wote wa sare mfanyabiashara wa Songea. Nilitaka kusema kitu. Ikaja chai ya tangawizi. Chai tamu, namshukuru.

Jumamosi, 8 Juni
Kina mama wamejaa dukani, simu mkononi, wanadai walichowekewa. Sare hakuna. Lujain analia. Mimi chini ya meza, naiaga. Tushar, bila kuombwa, kapiga picha khanga nyekundu zilizobaki, za kila aina, kaandika kwa Canva: sare ni nyekundu yoyote, piga simu. Simu zikaita mpaka jioni. Lujain kacheka. Rafu za duka zimebaki tupu!

Bi Badriya akainama kunichungulia. "Theophil mwanangu, toka. Meza bado yako. Ila vitufe, basi."

Nimelia kama mtoto. Watu gani hawa!

Jumatatu, 10 Juni
Lazima niwashukuru wote. Tushar kasema kadi ya kawaida inatosha. Picha tupu, kwa wema wote ule? Nimewatengenezea yangu kwa Figma, nikaituma kwenye magrupu yaleyale. Kitufe kimoja tu, Bi Badriya hawezi kukasirika: "Chukua pilau yako." Ukibonyeza, inakuja: "Asante, iko tayari dukani kwa Bi Badriya."

Ni mfano tu, wataelewa. Wameshaanza kubonyeza.