Pua Yangu Makumbusho

Jumanne, 8 Aprili

Johari ametoa hukumu kabla hata hajavua sare ya uuguzi. Alhamisi watoto wanaosomeshwa nyumbani wanakwenda makumbusho, ng'ambo ya mto, kujifunza watu na historia ya eneo hili la ughaibuni. Binti yetu Sundus akirudi hana la kusimulia, Jumatatu anaingia shule. Nimejibu sawa, mke wangu. Si sawa hata kidogo! Mimi huendesha teksi usiku. Mchana ni wetu, mimi na Sundus. Simpi dereva wa basi la njano la shule.

Nimepiga simu makumbusho, nikajifanya mwalimu mkuu, nikauliza watoto huulizwa nini. Mama mpole akanitajia yote. Mungu ambariki.

Jumatano, 9 Aprili

Mpango umekamilika. Nitasimama nyuma ya mtembezaji wa wageni. Nikishika sikio, jibu ni Wapiskatawei, wenyeji wa kwanza. Nikishika pua, chaza wa mtoni, chakula chao. Nikishika kofia, tumbaku, zao la kale la huku. Sundus ameuliza kwa nini asijifunze tu. Mtoto hana uzoefu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtu wa pwani haendi mbele za watu na nguo zisizofukizwa. Nimefukiza kanzu kwa udi chumbani. King'ora cha moshi! Jengo zima nje, wengine na taulo. Nimeondoka na pua inayowasha.

Makumbusho nimemkuta Njuguna wa Hyattsville, mzazi mwenzangu wa kusomesha nyumbani, wanawe keshawapanga mbele. Mtembezaji, Bi Audrey, akamuuliza Sundus nani walitangulia kuishi kando ya mto huu. Mkono ukaenda sikioni. Haukufika. Nikakuna pua, nikapiga chafya, nikakuna tena.

"Chaza!" akasema Sundus.

Wana wa Njuguna hoi kwa kicheko. Baba yao akanong'ona: "Bwana Shee, huyo mtoto unamfundisha ama unamwendesha na rimoti?" Kisha akanipa kitambaa chake. Kisafi. Nikapokea.

Bi Audrey hakucheka. Akasema ni kweli, chaza walitangulia watu wote, akatuonyesha lundo la makombe ya chaza walioliwa na wenyeji wa zamani. Sundus akaacha kunitazama. Akauliza wenyeji hao walikwenda wapi. Bi Audrey akasema hawakwenda popote. Yeye mwenyewe ni Mpiskatawei. Sundus akataka kujua bibi yake Bi Audrey alikuwa akipika nini. Wakaongozana wakizungumza. Nikabaki nimeshika kofia. Hakuna aliyeuliza tumbaku.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana Sundus alisimulia hadi wali ukapoa. Johari alisikiliza, kijiko hewani. Shule hakuna. Alhamdulillahi!

Baada ya sala nimewashukuru wote: Johari, Bi Audrey, hata Njuguna. Kitambaa chake nimekifua na kukipiga pasi. Zaidi ya wote naishukuru pua yangu. Bila mpango wangu tungeangamia.

Mwezi ujao ni mtihani wa hesabu. Sundus anasema hesabu anazijua. Nimemwambia tusibahatishe. Goti ni saba, kiwiko ni nane. Udi nimeshanunua.