Waraka wa Dawa ya Taya kwa Kufuata Cheo

Umma unatangaziwa kwamba usawa umekomeshwa rasmi. Hatua hiyo ya kihistoria ilichukuliwa na Kamati ya Mgao wa Dawa, ambayo mimi ndiye katibu wake, katika kikao cha saa sita kilichokuwa na mapumziko manne ya chai.

Chanzo kilikuwa mataya mawili. La kwanza ni la Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka yetu. Lilikuwa limerudi nyuma kiasi kwamba katika picha yake rasmi, ile iliyotundikwa kila ghorofa, alionekana kama mtu anayeomba radhi. La pili ni la tarishi wetu, binti tunayemwita Dada Faili. Lake lilitokeza mbele, meno ya juu na ya chini hayakukutana, na tangu utotoni hakuwahi kutafuna karanga. Alizimumunya tu mpaka zilainike. Wote wawili walipangiwa kurekebishwa taya wiki moja, hospitali moja, na daktari mmoja, mama mmoja asiyejua itifaki.

Nasema hajui itifaki kwa sababu aliwaandikia kitu kilekile: sindano ya antibiotiki kabla ya kisu, na dawa ya siku moja baada yake, ili vidonda visiingiwe na vijidudu. Basi. Mkurugenzi siku moja, tarishi siku moja, utadhani wamezaliwa pacha!

Kamati ilishtuka. Kiti cha Mkurugenzi kina mikono, na zulia lake linagusa kuta zote nne. Iweje dawa yake ilingane na ya mtu anayekalia stuli? Ndipo tukatoa Waraka. Tarishi, siku moja, kama daktari alivyoandika, kwa huruma tu. Afisa, siku saba. Mkuu wa idara, kumi na nne. Mkurugenzi Mkuu, siku sitini, zinazoweza kuongezwa. Vidonge vingetoka kwenye chumba cha dawa cha Mamlaka, kwa hiyo daktari hakusumbuliwa. Kifungu cha tisa nilikiandika mwenyewe, na sioni haya kusema ni kizuri: mtumishi haruhusiwi kutumia siku pungufu ya zile za ngazi yake, kwani huko ni kudharau cheo, na adhabu yake ni kufukuzwa kazi.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, mama yake Dada Faili alinijia ofisini, macho mekundu.

"Baba, naomba umwongezee mwanangu japo siku mbili. Bosi wenu kapewa miezi miwili! Taya la mtoto wangu likioza nitamlilia nani?"

"Mama, mwanao hana ngazi."

"Kwani taya lina ngazi?"

"Kila kitu kina ngazi, mama."

Alilia. Nilimsikitikia kwa dakika moja, muda unaoruhusiwa kwa jamaa wa matarishi. Daktari naye alimwambia kwamba siku moja inatosha, la muhimu ni dawa iwe mwilini kisu kinapopita, halafu kinywa kiwe safi. Mama hakuamini. Kila asubuhi alimkagua binti yake mashavu, akitafuta usaha.

Usaha haukuja. Wiki ya pili uvimbe ulishuka. Wiki ya tatu Dada Faili alijitazama kwenye kioo, akacheka, na mama akacheka naye huku machozi yanamtoka.

Taya la Mkurugenzi nalo lilipona. Kidevu kilitokeza kama droo iliyosahauliwa wazi. Tatizo lilikuwa chini zaidi. Siku ya kumi na tano ya vidonge tumbo lilianza kunguruma, na siku ya arobaini, siku ya kupigwa picha mpya rasmi, maji yalimfika shingoni. Mpiga picha alifanikiwa kupata picha tatu: mgongo, kisigino na mlango wa choo.

Nikampigia daktari.

"Bado anameza antibiotiki?" akauliza. "Za nini? Zimeua hata vijidudu vyema vya tumboni. Na siku akiugua kweli atakuta vilivyobaki ni sugu. Aache leo hii!"

"Hawezi, daktari. Kifungu cha tisa."

Simu ikakatwa, nadhani mtandao ulikuwa na hitilafu.

Kamati ikafanya kikao cha dharura kwenye korido. Mkurugenzi aliongoza kikao akiwa ndani ya choo.

"Katibu, kifute hicho kifungu!"

"Mheshimiwa, kufuta kifungu kunahitaji notisi ya siku tisini."

Ikafuata sauti ambayo sikuiingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

"Sasa nani anaruhusiwa kuacha?"

"Tarishi tu, mheshimiwa. Siku yake ilishapita zamani."

"Basi nishusheni! Nishusheni niwe tarishi, haraka!"

Tulipitisha fomu ya kushushwa cheo chini ya mlango. Ikarudi na sahihi, imelowa kidogo pembeni. Vidonge vikakoma siku hiyohiyo, na baada ya siku chache tumbo likatulia.

Jumatatu iliyofuata alirejea na suti yake, akaelekea moja kwa moja kwenye kiti chenye mikono. Ilinibidi nimzuie.

"Nirudishieni cheo changu."

"Bila shaka, mzee. Fomu hii hapa. Inahitaji sahihi moja tu."

"Ya nani?"

"Ya Mkurugenzi Mkuu."

Akakitazama kiti. Nami nikakitazama.

"Si yupo kaimu?"

"Kaimu huteuliwa na Mkurugenzi Mkuu."

Suala linashughulikiwa. Kwa sasa faili la ombi lake linapaswa kwenda masijala, na kupeleka mafaili ni kazi ya matarishi. Dada Faili, ambaye daktari alikwishamruhusu kutafuna, alimkabidhi.

"Lishike kwa chini, mzee wangu, karatasi zisimwagike. Masijala ni ghorofa ya sita. Lifti ni ya wakubwa."

Kisha akatia karanga mdomoni na kuitafuna. Nilisikia ilivyovunjika.

Mzee akapanda ngazi. Kwa kuwa picha mpya haikupatikana, ile ya zamani ingalipo, na kila ghorofa aliyofika alijikuta ukutani akijiomba radhi.