Namba Inayonitii

Jumanne, 1 Agosti 1911
Mwalimu mkuu amehamishiwa Tabora. Jumamosi Mjerumani wa boma atakuja shuleni kuchagua mrithi wake: mimi, Rajabu, au msaidizi mwenzangu, Sila. Sila amesoma misheni na ana mwandiko mzuri hadi unakera. Mimi nina akili. Tatizo ni kuionyesha.

Jumatano, 2 Agosti
Nimepata dawa! Fundi Mhindi wa reli amenipa namba: 142857. Ukiizidisha kwa mbili, 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile, zinafuatana vilevile, ila inayotangulia hubadilika. Hadi sita ni hivyo. Nitafumba macho, nitakunja uso kidogo, wadhani nahesabu kichwani. Kazi ni yangu.

Alhamisi, 3 Agosti
Nimejaribu kwa saba. Imetoka 999999. Upuuzi! Namba ya heshima zake haiwezi kuishia hivyo. Nimerudia mara tatu, tisa tupu. Bila shaka ni uchovu. Nikafuta. Sila akapita, akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasafisha ubao. Akanishukuru, maana zamu ilikuwa yake.

Jumamosi, 5 Agosti
Sitaki hata kuandika, lakini naandika.

Nilianza vizuri. Mjerumani akataja mbili, nikajibu. Akataja nne, kisha tano, nikajibu. Sila alikagua kwenye kibao chake, akakiri ni sawa, akayaandika majibu ubaoni moja chini ya jingine. Mjerumani akavua kofia. Wazazi wakanong'ona. Nikaanza kumhurumia Sila.

Kumbe Mzee Matonya wa Ipagala, ambaye mwanawe yuko darasa la kwanza, alikuwa ameukodolea macho ubao. Hajui kusoma hata herufi moja. Hahesabu ng'ombe wake, kwa watu wa kwao ni mwiko. Huwatazama tu wakiingia zizini akajua nani hayupo. Akasema mbele ya watu wote kwamba hao ni ng'ombe walewale sita, wanafuatana vilevile, mwalimu amebadilisha tu anayetangulia.

Walicheka sana. Mjerumani akavaa kofia.

Ndipo Sila, kwa ule upole wake unaoudhi, akaniomba nizidishe kwa saba. Nikazikumbuka zile tisa. Lakini mtu mzima atatamka tisa sita mbele ya Serikali? Nikafumba macho, nikakunja uso, nikasema 714285. Sila akaiandika. Mzee Matonya akasema kundi hilo limeshapita, ni lile la tatu. Sila akakokotoa polepole, akaonyesha kibao: 999999. Mjerumani akampa mkono palepale.

Nilikuwa nayo tangu Alhamisi! Nimeumia moyo, sikula chakula cha mchana.

Jumatatu, 7 Agosti
Sila ndiye mwalimu mkuu. Amenipa somo la hesabu, anasema nina kipaji, nikikubali tu kukagua kazi yangu. Ni wazi ananiogopa.

Hata hivyo sikai hapa. Fundi Mhindi amenipa namba nyingine: 12345679. Ukiizidisha kwa tisa hutoka moja tupu, tisa kwa idadi, zimejipanga kama askari. Nimeandika barua Mpwapwa kuomba kazi ya ualimu, nikawaeleza ajabu hiyo ili waijaribu wenyewe. Ila fundi naye anazeeka, alikuwa ameiruka nane. Nimeitia mahali pake, wala sikuona haja ya kukagua. Barua imeondoka asubuhi.